Abi Yangdol na Jua la Nyuma ya Kioo

Katika kijiji cha Takmar, juu kwenye milima ya Ladakh, nyumba kumi na moja zilikuwa na chumba cha kioo. Cha Abi Yangdol, yaani Bibi Yangdol, kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kama ulikuwa huna habari hiyo, mwenyewe alikupa kabla hujamaliza kuvua viatu.

Chumba kilitazama kusini. Ukuta mmoja wote ulikuwa wa vioo, kutoka sakafuni hadi darini. Mwanawe Tundup, anayeendesha malori mbali na nyumbani, ndiye aliyemjengea. Wakati wa baridi maji yaliganda ndooni hapo nje, na ndani watu walivua makoti na kujipangusa jasho. Tangu majani yapukutike mpaka theluji iyeyuke, familia iliishi humo. Walisokota sufu humo, walikula humo, walikunywa humo chai yao ya siagi na chumvi.

Humo pia ndimo alimolelewa Diskit, binti wa Tundup, mjukuu wa pekee. Alikuwa na miezi kumi na saba.

"Watoto wa wenzangu wanalelewa na moshi," Abi alipenda kusema. "Wangu analelewa na jua. Analinywa kutwa kama maziwa."

Mumewe aliitwa Murup. Watoto wa kijiji walimwita Meme, yaani babu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mwaka huo kijiji kilimchagua awe mgawa maji. Takmar haina mvua ya kutegemea. Shayiri yao huishi kwa maji ya barafu inayoyeyuka mlimani. Mgawa maji ndiye anayeamua mfereji wa nani ufunguliwe, wa nani ufungwe, na kwa muda gani. Kazi yenyewe ilikuwa bado, lakini Meme alikwisha kuanza kukagua mifereji kila siku kama mtu anayetafuta sindano.

Wiki mbili kabla ya mambo haya, Abi alikwenda kutazama ngoma za vinyago kwenye nyumba ya watawa. Alisimama uani tangu asubuhi hadi alasiri. Aliporudi, pua yake ilikuwa imebabuka, na ngozi ikitoka vipande vipande.

"Mke wangu," Meme alisema, "nimekupeleka mzima, umerudi umemenywa kama kiazi."

"Kiazi mwenyewe," Abi alijibu. Lakini alicheka.

Aliyekuwa hacheki siku hizo ni Dechen, mama yake Diskit. Mtoto hakuwa akisimama. Ukimwinua kwa makwapa, alikunja miguu na kulia. Viwiko vya mikono havikuwa na shida, lakini vifundo vya mikono vilikuwa vinene, kama kwamba amevaa bangili chini ya ngozi. Paji lake la uso lilikuwa limetokeza. Alipolala, kichwa kilitoa jasho hadi mto ukalowa. Na meno yalikuwa mawili tu.

"Ama-le," Dechen alimwambia mkwewe kwa heshima, "mtoto wa Ishey ana miezi kumi na miwili na anakimbiza kuku."

"Mtoto wa Ishey ni mwembamba kama fimbo. Atashindwaje kusimama? Huyu ni mzito. Baba yake naye alichelewa."

"Alichelewa hivi?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Abi akasema, na akamgeuza mtoto uso wake uelekee kioo. Dechen akanyamaza. Kwa mama mkwe wa namna ile, kunyamaza kulikuwa sehemu ya kazi za nyumbani.

*

Siku ya chanjo, wanawake walikusanyika kwenye zahanati ndogo ya kijiji. Nesi aliyekuja aliitwa Kaneez, mzaliwa wa upande wa Kargil. Alikuwa na sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Alimpima Diskit uzito, kisha hakumrudisha haraka kama alivyowarudisha wengine. Alimshika vifundo vya mikono. Alimpapasa mbavu. Akamnyoosha miguu mezani, akaona inavyopinda nje kama mabano.

"Mtoto huyu analia anapobebwa?"

"Ndiyo," Dechen alisema upesi, kabla mkwewe hajajibu. "Na hasimami."

"Mifupa yake ni laini. Nadhani ana matege ya kukosa vitamini D. Hajapata jua la kutosha."

Wanawake waligeuka kumtazama Abi. Kisha mwanamke mmoja akacheka. Si kwa ubaya. Ilikuwa kama kumwambia mvuvi kwamba hajawahi kuona samaki.

Abi Yangdol alihisi damu ikimpanda usoni hadi kwenye ile pua yake. "Binti," alisema, "mtoto huyu jua analiona kuliko wewe. Njoo kwangu utazame. Utavua hilo koti."

"Sijasema hivyo kukutukana, Abi-le."

"Hujanitukana. Umekosea tu. Kusoma kwingi nako kunachosha."

Kaneez hakubishana. Aliandika barua na kumpa Dechen. "Mpelekeni hospitali ya mjini Leh wiki hii. Apimwe damu. Wiki hii, tafadhali, si mwezi ujao."

Njiani kurudi, Abi aliichukua barua ile mkononi mwa mkwewe. Alipofika nyumbani aliiweka chini ya pipa la kusukia chai. "Barabara ina barafu," alisema. "Tutaona."

Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa, aliamua kumwonyesha nesi. Kama tatizo ni jua, basi Diskit angelishwa jua mpaka alitapike. Kila siku, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, alimvua nguo zote isipokuwa nepi na kumkalisha karibu kabisa na kioo. Mtoto alitoa jasho, akawa mwekundu kwa joto, akalala hapo hapo. Majirani walipopita Abi aliwagongea kioo na kuwaonyesha kwa kidole. Huyo hapo. Mwambieni nesi wenu.

Siku ya sita, karibu na adhuhuri, Diskit alikuwa akichezea kijiko. Kijiko kikamponyoka. Abi alikiokota akamrudishia, lakini vidole vya mtoto havikufunguka kukipokea. Vilikuwa vimejikunja kwa ndani, kidole gumba kimebana kiganjani, na kifundo kimepinda. Abi alijaribu kuvinyoosha. Havikunyooka. Kisha mwili mzima ukakakamaa, macho yakageuka juu, na mtoto akaanza kutikisika.

"Dechen!"

Dechen alikuja mbio na unga mikononi. Jirani yao Ishey naye akaingia, akachukua kijiko ili amtie mtoto mdomoni.

"Usimtie kitu," Dechen alisema. Alilikumbuka hilo kutoka shuleni, na sasa hakungoja ruhusa ya mtu. "Mlaze ubavu. Acheni apumue. Ama-le, barua iko wapi?"

Abi alielekeza pipa la chai. Ishey akalisukuma pipa, akaichomoa barua.

*

Degedege lilikoma baada ya dakika chache. Kaneez, aliyekuwa bado anachanja kijiji cha jirani, aliitwa kwa simu, na gari la zahanati likawafikisha Leh kwa saa mbili. Kaneez alikaa nyuma pamoja nao, akihesabu mapigo ya moyo wa Diskit njia nzima. Hospitalini daktari alichukua damu na kupiga picha ya mifupa. Kisha dawa ya kalsiamu ikaingizwa mshipani polepole, tone kwa tone, huku mashine ikiuchora moyo wa mtoto kwa mstari wa kijani.

Abi alisimama ukutani. Alitazama ile mikono midogo. Baada ya muda kidole gumba cha kushoto kilijitoa kiganjani. Kikafuata cha kulia. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, bila mtu kuvigusa. Diskit alifumbua macho, akamwona bibi yake, akamnyooshea mkono.

Hapo Abi Yangdol akalia. Alilia kwa sauti na hakuona haya. Hakuwahi kuona kitu kama kile: mtoto anafungwa na kufunguliwa na kitu kisichoonekana.

Kesho yake Meme Murup alifika kwa lori la mboga. Majibu ya damu yalikuwa tayari. Kalsiamu ilikuwa chini mno. Fosfeti ilikuwa chini. Vitamini D ilikuwa karibu hakuna kabisa. Kaneez aliketi nao kando ya kitanda, na Abi ndiye aliyeanza.

"Niambie, mwanangu. Jana ni nini kilimshika?"

"Weka kidole hapa, Abi-le." Kaneez alijigusa shingoni, chini ya koo. "Humu ndani kuna vitezi vinne. Kwa mtu mzima, kila kimoja ni kama punje ya mchele. Kwa Diskit ni vidogo zaidi."

Abi alijigusa. "Sisikii kitu."

"Huwezi kuvisikia. Vyenyewe vinaonja damu. Usiku na mchana. Ukiwa umelala, ukiwa unakula, ukiwa unagombana na mkweo."

Dechen alitazama dirishani ili asicheke.

"Vinaonja nini?" Meme aliuliza.

"Kalsiamu. Ni madini yaliyomo kwenye maziwa, mtindi, jibini, mboga za majani. Kati ya sehemu mia za kalsiamu mwilini, tisini na tisa zimo kwenye mifupa na meno. Inabaki sehemu moja tu, damuni na nyamani. Lakini hiyo moja ndiyo inayouwezesha moyo kupiga sawasawa. Ndiyo inayosaidia misuli ikaze na ilegee. Ikipungua damuni, neva zinachachamaa. Vidole vinajikunja. Mtu anaweza kupata degedege. Hata moyo unaweza kusimama."

"Moyo," Abi alirudia taratibu.

"Kwa hiyo vile vitezi vikionja na kukuta imepungua kidogo tu, havingoji kesho. Vinatuma ujumbe kwenye damu. Ujumbe ukifika mfupani, unasema: toa kalsiamu. Ukifika kwenye figo, unasema: usiiache ipotee kwenye mkojo, irudishe. Na unaipa figo kazi nyingine, kuiamsha vitamini D. Vitamini D ikiamka, inakwenda kwenye utumbo na kufungua mlango. Chakula kinaingiza kalsiamu, na fosfeti pia."

"Hiyo fosfeti ndiyo nani tena?"

"Ni mwenzake. Mfupa haukazi kwa kalsiamu peke yake. Wakikutana wote wawili, mfupa unakuwa mgumu. Akikosekana mmoja, mfupa unabaki laini na unapinda. Lakini damuni fosfeti ikizidi inaishika kalsiamu, haifanyi kazi yake. Ndiyo maana mfupa ukitoa vyote viwili, figo inabakiza kalsiamu na kuimwaga fosfeti."

Meme Murup alikuwa amevua kofia yake, ingawa hakuna aliyemwambia avue.

"Huyo ni mgawa maji," alisema.

"Nani, Meme-le?"

"Hao wanne wa shingoni. Kazi yangu hiyo. Nani afunguliwe, nani afungwe, nini kimwagwe na nini kisimwagwe hata tone." Alisogea mbele ya kiti. "Ngoja. Mwaka barafu isipoyeyuka mapema, maji hayaji. Lakini shayiri imekwisha kuota, haiwezi kungoja. Mgawa maji anafanya nini? Anafungua bwawa. Lile tulilolijaza tangu zamani. Anaiokoa shayiri kwa maji ya bwawa, huku anaomba mlima uyeyuke."

"Hivyo hivyo," Kaneez alisema. "Bwawa ni mifupa."

"Na mlima usipoyeyuka?"

"Anaendelea kufungua."

Meme alimtazama mjukuu wake aliyekuwa amelala, na miguu yake iliyopinda. "Mpaka matope," alisema.

"Vitamini D haikuwepo ya kuamshwa. Mlango wa utumbo haukufunguka vizuri. Dechen amenyonyesha, mtindi amempa, vyote vizuri, lakini sehemu kubwa ya kalsiamu ilipita na kutoka. Vitezi vikaonja: imepungua. Vikaiambia mifupa itoe. Kesho yake tena. Na fosfeti ikimwagwa kila siku, mifupa mipya haikupata cha kukazia. Miezi na miezi. Jana mifupa ikashindwa kutoa zaidi."

Kitandani Diskit alipumua, na shingo yake ikapanda na kushuka kidogo.

Abi aliitazama shingo ile. Alifikiria majira yote ya baridi yaliyopita. Mtoto alikuwa akicheka, akipiga makofi, akilamba siagi. Na kumbe humo ndani, mahali padogo kuliko kucha yake, kulikuwa na walinzi wanne waliokesha kwa ajili yake. Waliibomoa nyumba kipande kipande ili moto wa jikoni usizimike. Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyewaambia asante. Na yeye mwenyewe alikuwa na wanne kama hao, miaka sitini na sita, wakimfanyia kazi hata alipokuwa mjinga. Mwili ulimsisimka kama siku ya kwanza alipoingia nyumba ya watawa akiwa mtoto.

"Mungu wangu, tunatembea na haya yote," alisema kwa sauti ndogo. "Na tunazungumzia bei ya sukari."

Kisha ule ubishi wake ukarudi, maana mtu haachi tabia kwa siku moja. "Lakini vitamini D unasema inatoka kwenye jua."

"Sehemu kubwa. Ngozi ikipigwa na jua, inaitengeneza. Inapita kwenye ini, halafu figo inaikamilisha."

"Basi hapo ndipo sikuelewi. Jua analo. Naapa, binti, kama ni jua, huyu ni wa kwanza Takmar nzima."

Kaneez alimtazama usoni, akatabasamu kidogo. "Abi-le, hiyo pua ilipatwa na nini?"

Abi akaifunika kwa mkono. "Jua la siku ya ngoma."

"Ulikaa nje siku ngapi?"

"Siku moja. Hata haikuisha."

"Na kwenye chumba cha kioo umekaa siku ngapi tangu vuli?"

"Zote."

"Kilikubabua pua siku gani?"

Abi alihesabu moyoni mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili. Kutwa nzima kwenye jua kali, ameligeuzia mgongo, ameligeuzia uso. Jasho, ndiyo. Usingizi, ndiyo. Lakini pua?

"Hata siku moja," alisema.

"Jua lina miale ya namna nyingi," Kaneez alisema. "Kuna ya mwanga. Inapita kwenye kioo. Ya joto nayo inapita. Lakini kuna miale mingine ambayo jicho haliioni. Ndiyo iliyokumenya pua. Hiyo hiyo ndiyo inayoiambia ngozi itengeneze vitamini D. Na kioo kinaizuia, karibu yote."

"Yaani ndani ya kile chumba..."

"Mna joto. Mna mwanga. Mzee kama wewe anapumzisha magoti. Ni chumba kizuri. Ila jua la mifupa halimo."

Abi Yangdol aliketi chini, sakafuni, pale pale alipokuwa. "Nimemweka mtoto mbele ya jua," alisema, "na nimemnyima jua."

Dechen alishuka kitini akakaa karibu naye. "Ama-le, hata mimi. Nilipokuwa na mimba nilishinda humo baridi yote. Kiangazi nikajifunga kitambaa uso mzima shambani nisiungue. Na yeye tukamficha ndani asiwe mweusi. Tulikuwa wote."

"Barua ilikuwa yangu peke yangu."

Dechen hakusema sivyo. Lakini hakuondoka pale sakafuni.

*

Walikaa hospitalini siku tisa. Walipotoka, daktari aliwapa matone ya vitamini D na dawa ya kalsiamu ya Diskit, na dawa ya Dechen pia, kwa kuwa damu yake nayo ilikuwa na upungufu. Alisisitiza kipimo. "Kama nilivyoandika, si pungufu wala si zaidi. Vitamini D ikizidi mno nayo ni sumu. Msimgawie jirani. Jirani aje apimwe."

Kaneez naye alieleza ya nyumbani. Mama aendelee kunyonyesha, lakini maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, kwa hiyo matone yasikatwe. Mtoto apewe mtindi, jibini, yai likipatikana. Chai ya siagi isichukue nafasi ya maziwa. Na jua liwe la nje, lisilopita kwenye kioo. Karibu na adhuhuri, mahali pasipo upepo, uso na mikono na miguu ikiwa wazi, kwa dakika chache tu, na kutolewa kabla ngozi haijaanza kuwa nyekundu.

"Jua la huku juu ni kali," alisema. "Hatutaki pua nyingine kama hiyo."

Basi kila adhuhuri Abi alimbeba mjukuu wake hadi nje, kwenye ukuta wa zizi unaokinga upepo. Siku ya kwanza majirani walisimama kutazama.

"Yangdol!" aliita Ishey. "Chumba kimekushinda? Umehamia kwa ng'ombe?"

Abi wa zamani angemjibu jibu la kumlaza na njaa. Abi huyu alimkunjia kidole. "Njoo hapa. Mlete na mwanao. Nitazame pua."

Jioni hiyo ilikuwa nyumba moja. Kesho yake nyumba mbili. Kabla wiki mbili hazijaisha, Abi Yangdol alikuwa ameingia kwenye nyumba zote kumi zilizobaki zenye chumba cha kioo. Kila mahali alianza na maneno yale yale, na kila mara yalimpa tabu kuyatoa: "Nilimcheka nesi, na nilificha barua yake. Mjukuu wangu nusura afe." Baada ya hapo alieleza habari ya wale wanne wa shingoni. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia jambo aliloliona kwa macho yake mahali patakatifu. Wanawake walijigusa koo. Watoto watatu wa kijiji walipelekwa Leh kupimwa mwezi huo, na wawili walianza matone.

Sio wote waliosadiki. Mzee mmoja alisema pua ya Yangdol siku zote ilikuwa na matatizo. Lakini hata yeye alionekana akimtoa mjukuu wake nje adhuhuri, eti kumwonyesha mbuzi.

Theluji ilipungua. Mlima ukayeyuka. Meme Murup alianza kazi yake, na kila alipofungua lango la mfereji alisimama kidogo kuyatazama maji yanavyojua njia. Diskit aliacha kulia anapobebwa. Jasho la kichwa likakoma. Meno mengine manne yakatoka kwa mkupuo, akamng'ata babu yake. Mwezi wa sita alijishika kwenye ukuta wa zizi na kusimama. Picha ya pili ya mifupa ilionyesha mstari mweupe mahali ambapo palikuwa na ukungu. Daktari alisema huo ni mfupa unaokaza. Miguu ilikuwa bado imepinda kidogo, lakini inapokua, alisema, yaelekea itanyooka yenyewe.

Mwezi wa nane Kaneez alikuja tena kwa siku ya chanjo. Abi Yangdol alimvalisha Diskit kofia mpya, akampeleka mbele ya wanawake wote.

"Nesi anataka kukuona ukitembea," alimwambia. "Haya. Tembea."

Diskit akaketi chini.

"Nyumbani anatembea," Abi alisema.

"Nimeamini, Abi-le."

"Hapana, ngoja uone. Diskit. Simama, mama. Mwonyeshe nesi." Mtoto akaanza kuchimba udongo kwa kidole. Wanawake walianza kucheka. Abi alipiga magoti, akabembeleza, akaahidi aprikoti, akatishia. Hakuna kitu. Kaneez akaona amwokoe mama wa watu, akageuka kuandika kwenye daftari lake.

Ndama alipita barabarani.

Diskit alimwona. Aliweka viganja viwili chini, akainua makalio kwanza, akasimama. Kisha akaondoka, hatua za haraka haraka, mikono juu, akimfuata ndama kwa kelele. Alijikwaa, akaanguka kifudifudi. Akanyanyuka mwenyewe, akajipangusa tumbo badala ya magoti, akaendelea.

Abi Yangdol alibaki amepiga magoti. Machozi yalimtoka hadi kwenye ile pua, na hakuyafuta. Kaneez alikuwa ameacha kuandika.

"Abi-le," Kaneez alisema, "anafika barabara kubwa."

"Namwona," Abi alisema. Akakusanya sketi yake kwa mikono miwili, akasimama, akaanza kumkimbiza.